Balwant Singh na Saa Tatu ya Molo

Tarehe 31 Desemba 1979 Bwana Balwant Singh Matharu, mchoraji wa ramani wa kampuni yetu ya Kanji na Washirika hapa Nakuru, atastaafu baada ya kutumika kwa miaka ishirini kasoro siku tatu. Hiyo kasoro ameidai mwenyewe. Nilipomwendea kuhakikisha tarehe zake aliniambia hajawahi kupokea sifa ya kazi ambayo hakuifanya, na hana nia ya kuanza uzeeni.

Mkuu wa ofisi aliniomba nusu ukurasa kwa ajili ya jarida hili, akaniwekea masharti mawili: nisirefushe, na nisiguse habari ya ghala la Molo. Nimerefusha, na Molo nitaigusa. Jarida hili nalipiga taipu mimi, Cheptanui wa meza ya hesabu, stenseli nazikata mimi, na mashine ya kutolea nakala iko chumbani mwangu na ufunguo ninao. Ndani ya faili la Mzee Balwant mna barua moja ya onyo, ya Machi 1971. Ndiyo karatasi mbaya pekee katika miaka yake yote, na si ya haki. Nimeomba mara tatu iondolewe kabla hajaondoka, nikajibiwa kwamba faili la mtu halichezewi. Haya basi, tusichezee faili.

Aliingia kazini tarehe 4 Januari 1960, akiwa seremala. Vijana wa sasa hawalijui hilo. Alikuwa fundi wa mbao za kushikilia zege, na sifa yake ilikuwa kuba, yale mapaa ya mviringo ya matangi na maghala ambayo kampuni ilijenga kuanzia Gilgil hadi Londiani. Mbao hazikunjiki. Ukitaka kuivika kuba mbao, lazima uzikate vipande vya pembetatu na kuviunganisha kimoja baada ya kingine mpaka mgongo wote ufunikwe. Balwant alivikata kwa jicho, penseli ameichomeka kwenye kilemba. Mwaka 1964 Bwana Kanji, mwenye kampuni, aligundua kwamba mafundi hawazisomi ramani za ofisini kabisa. Walikuwa wakisoma michoro ambayo Balwant aliwachorea kwa makaa juu ya ubao. Akamtoa karakana, akampa meza katika chumba cha ramani.

Hakumaliza wiki kabla ya kugombana. Ramani zote zilikuwa za Kiingereza, na watu wa kuzijenga hawakusoma Kiingereza. Balwant akaanza kuandika maelezo ya pembeni kwa Kiswahili. Akaitwa, akaonywa, akarudi mezani, akaandika Kiswahili. Aliuliza ni uhuru gani huu ambao ukuta bado unajengwa kwa lugha ya bwana aliyekwisha kwenda zake. Kiswahili chenyewe alichokipigania, Mungu amsamehe, kilikuwa na ngeli zinazosukumana mlangoni. Lakini nyapara wetu, Mzee Thuo, aliweza kusoma ramani nzima bila kumwita mtu, na hilo Bwana Kanji hakuweza kulibishia. Kiswahili kikabaki.

Kisha ikaja kompyuta. Si hapa, sisi hatuna hata nafasi ya kuiweka, bali Nairobi, kwenye ofisi ambayo makampuni yalikuwa yakipeleka hesabu zao. Mwaka 1969 tukaanza kupeleka zetu. Kompyuta ile haikuweza kuimeza kuba nzima. Ilitaka mgongo wa kuba ukatwe kwenye karatasi vipande vidogo bapa, kila ncha ipewe namba na vipimo vyake, na kila kipande kitajwe kwa namba za ncha zake tatu. Ukishafanya hivyo, yenyewe inapiga hesabu ya kila kipande inavyobanwa na inavyovutwa, ikijumlisha na cha jirani, mpaka ujue kuba itakaa au itaanguka. Kazi hiyo ya kukata tunaiita kusuka wavu. Wahandisi waliisoma vitabuni. Balwant alitazama mchoro wa kwanza, akauliza kama hiki ndicho kitu kilichowafanya wavuke bahari, maana yeye amekifanya kwa msumeno tangu ujana wake.

Mhandisi Mburu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka masomoni, hakufurahia. Yeye alikata kuba kwa duara ndani ya duara, na mistari iliyotoka katikati kwenda ukingoni. Kwa macho ilipendeza. Shida ni kwamba kule katikati mistari yote inakutana, na vipande vinakuwa virefu vyembamba, na kipande chembamba kinaidanganya hesabu. Balwant alikuwa na majina mawili tu ya vipande. Pembetatu iliyo sawa pande zote aliiita sambusa. Nyembamba aliiita wembe. Alikuwa akisimama nyuma ya Mburu, kidole juu ya karatasi, akisema kwa sauti ya kusikika mpaka ghorofa ya chini, "Hii hapana sambusa. Hii wembe. Kompyuta takatwa mkono."

Mwenyewe alianzia ukingoni, pale penye taabu, yaani juu ya mlango au dirisha, akisuka vipande vidogo vidogo. Alivyozidi kwenda ndani ndivyo alivyovikuza polepole, safu kwa safu, mpaka akutane na safu inayotoka upande wa pili. Hakuwahi kuacha ncha ya kipande kimoja ikining'inia kwenye ubavu wa kingine. Mkewe, Bi Kamla, alikuwa akituletea sambusa kila Ijumaa, na Ijumaa hizo ukiwa umechora wembe, ungekuta sambusa iliyokunjwa vibaya juu ya karatasi yako, imeacha doa la mafuta papo hapo penye kosa. Mhandisi Mburu ana ramani sita zenye madoa. Nimeziona, amezihifadhi, na siku hizi anaanzia ukingoni kama Mzee.

Sasa Molo. Mwaka 1971 ushirika wa wakulima ulitaka ghala la viazi la mviringo, upana mita kumi na nane, kuba juu, na mlango mmoja mpana upande wa mashariki ili lori liingie kinyumenyume kutoka barabarani. Ukuta ungeishikilia kuba pande zote isipokuwa juu ya mlango. Pale ukingo wa kuba ungeshikiliwa na vyuma vilivyomo ndani yake tu. Kwa hiyo pale ndipo Balwant alipoweka sambusa ndogo kuliko zote, na pembeni ya karatasi akaandika kwa mkono wake: mlango saa tatu. Alikuwa na mazoea hayo ya kutaja upande wa duara kwa namba za saa, kumi na mbili ikiwa juu, kaskazini. Tatu iko kulia. Kulia ni mashariki, barabarani.

Karatasi ikaenda kwa mtu wa kupiga taipu orodha za kupeleka Nairobi. Orodha ya tatu ilikuwa ya ncha za ukingoni: zipi zimekaa juu ya ukuta, na zipi ziko juu ya mlango, hazina kitu chini yake. Jibu likarudi baada ya siku tisa, furushi zima la makaratasi. Mhandisi Mburu akalipitia, akaona namba zote ziko chini ya kiwango, na tena juu ya mlango ni ndogo ajabu. Akapunguza vyuma vya pale. Mbao za Molo zilikuwa tayari, saruji iko chini ya turubai, na mvua za masika zilikuwa zimekaribia. Kilichobaki ni herufi mbili za Balwant, B.S., kwenye ramani ya vyuma. Mzee Thuo hakumwaga zege bila kuziona.

Balwant alikataa. Hakuwa na hesabu ya kuonyesha, na alisema wazi kwamba hana. Alichosema ni kwamba hajaona ukingo usio na ukuta chini yake ukabeba taabu ndogo kuliko ukingo wenye ukuta, hapa Nakuru wala kwingine, na kama kompyuta imeuona, imwambie ni wapi akatazame. Bwana Kanji alikuwa mtu mpole, lakini ushirika ulikuwa ukimpigia simu asubuhi na jioni. Siku ya pili akamwambia Balwant aende nyumbani apumzike mpaka atakapoitwa. Siku ya tatu, saa mbili kamili, Balwant alikuwa mezani pake, koti limefungwa vifungo vyote, mikono ameikunja. Akaambiwa tena. Siku ya nne akaja tena. Alisema chini ya kuba hiyo watakuwamo watu wakibeba magunia, na ikiwaangukia watu wale hakuna atakayekumbuka jina la kompyuta.

Asubuhi hiyo ya nne alikwenda stoo akarudi na karai la zege. Akaligeuza juu ya meza, mgongo juu, likawa kuba. Akachukua chaki, akaanza kuusuka wavu wote juu ya karai, akiandika namba za ncha za ukingoni kuanzia juu, moja hadi arubaini na nne. Akamwita yule mpiga taipu aje amsomee orodha kama ilivyokwenda Nairobi. Akafika kwenye ncha za mlangoni. Zilisomwa: thelathini na nne, thelathini na tano, thelathini na sita, thelathini na saba, thelathini na nane. Akazitia alama moja moja. Alipomaliza, mlango ulikuwa magharibi, umetazama mawe ya mlima, na sambusa ndogo zote zilikuwa mashariki, zimelala juu ya ukuta mzima ambao kompyuta iliamini uko pale.

Aliuliza tu ni saa ngapi. Mpiga taipu akatazama saa ya ukutani, akajibu kwamba ni saa tatu. Balwant naye akageuka kuitazama. Mkono mfupi ulikuwa kwenye tisa.

Mpiga taipu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa na miezi mitatu kazini, ya majaribio, msichana wa kutoka Elburgon ambaye hakuwa amewahi kusikia mtu akitaja saa tatu na maana yake si saa tatu ya watu wote, asubuhi, jua limepanda, mkono mfupi kushoto. Nikaweka mlango kushoto. Lakini sitajificha nyuma ya hilo. Niliziona zile sambusa ndogo zimejaa upande wa kulia, nikajiuliza kwa nini. Nilisimama niende nikamwulize. Alikuwa akifokeana na Mburu kuhusu nyembe, nikaogopa, nikakaa, nikapiga taipu. Niliona, nikanyamaza, na kuba ingejengwa hivyo.

Mhandisi Mburu na Bwana Kanji waliingia tukiwa bado tumelikodolea karai macho. Bwana Kanji akaona mlango ulikokaa, akauliza orodha hii ni ya nani. Mimi nilifungua mdomo, nataka kuapa hivyo, lakini Mzee alinitangulia. Balwant akasema, "Mimi naandika saa tatu. Kosa yangu." Akavuta ile karatasi ya wavu, akachukua penseli nyekundu, akaandika juu yake maneno hayo hayo kwa herufi kubwa na kutia sahihi B.S., haraka kuliko alivyowahi kutia sahihi ramani yoyote. Kisha akanitazama mara moja, jicho kali, na nikaelewa kwamba nikisema neno atanirushia karai.

Hesabu ikarudiwa. Vyuma vya juu ya mlango vikawa karibu mara mbili ya vile vilivyokuwa vimechorwa. Zege likachelewa wiki tatu, mvua ikanyesha juu ya mbao, ushirika ukaandika barua ya hasira, na kampuni ikatafuta wa kuielekezea. Karatasi yenye maandishi mekundu ilikuwa mezani. Ndivyo Balwant alivyopata onyo kwa kile barua ilichokiita uzembe katika kuonyesha upande. Mwaka uliofuata chumba cha ramani kilihitaji mkuu, faili likafunguliwa, likafungwa, akaletwa mtu kutoka Nairobi. Mtu aliyeizuia kuba mbaya isijengwe ndiye aliyeandikiwa kwamba aliileta. Nami miezi sita ilipokwisha nikathibitishwa kazini.

Nilimfuata baadaye, nikalia, nikamwambia nitakwenda kwa Bwana Kanji. Aliniambia niache upuuzi. Alisema anayeandika ndiye anayetakiwa kueleweka, si anayesoma, na kwamba yeye ni Kalasinga aliyejidai kuandika Kiswahili huku saa yake ikienda kwa Kiingereza, kwa hiyo kosa lina mwenyewe. Nilibisha wakati ule kwa machozi. Leo nabisha kwa stenseli. Kosa la kuandika lilikuwa lake, sawa. Kosa la kuona na kunyamaza lilikuwa langu, na barua iliandikwa kwa jina moja.

Ofisi ilitumia nafasi hiyo kuamuru maelezo yote ya ramani yarudi kwenye Kiingereza. Kesho yake ramani ya kwanza ya Balwant ilikuwa na maneno ya Kiswahili makubwa kuliko yote aliyowahi kuandika: MLANGO UKO MASHARIKI, UPANDE WA BARABARA, LORI LINAINGILIA HAPA. Aliitwa. Alikwenda na kamusi kwapani. Sijui alisema nini humo ndani, lakini amri ile haikutajwa tena, na mpaka leo hakuna mtu wa kampuni hii anayetaja upande wa jengo kwa saa. Anataja barabara, mlima au ziwa.

Mwaka jana tuliletewa programu mpya kule Nairobi, inayosuka wavu yenyewe. Unaipa umbo, inalikata vipande kwa dakika chache, kazi iliyokuwa ikimchukua Mzee wiki mbili. Wapo waliosema sasa hana kazi. Ilipokuja karatasi ya kwanza aliketi nayo na penseli, bila kinyongo, akaizungushia nyembe arubaini na moja. Nairobi wakamwandikia kwamba mashine haichoki. Akawajibu kwamba ndiyo, hata kukosea haichoki, na akawapelekea karatasi hiyo pamoja na safu zilizosukwa upya. Mhandisi Mburu ndiye aliyeipeleka mwenyewe, na programu ile sasa inaanzia ukingoni. Programu ni nzuri. Bado inahitaji mtu wa kuiambia mlango uko wapi.

Nilikwenda Molo mwezi uliopita, baridi ya kutoboa mifupa, kuliona ghala. Lori lilikuwa ndani, wanawake kwa wanaume wanapakia viazi, wanacheka, na hakuna hata mmoja aliyetazama juu. Nilisimama chini ya ukingo wa mlango nikautafuta ufa kwa nusu saa. Hakuna ufa. Nilifurahi, na nilikasirika, vyote viwili, nikarudi Nakuru na hasira hiyo, nikakata stenseli ya kwanza ya maneno haya.

Kwa niaba ya chumba cha ramani, meza ya hesabu, karakana na mafundi wote walioweza kusoma walichokuwa wakikijenga, tunamshukuru Bwana Balwant Singh. Tunamshukuru pia Bi Kamla kwa Ijumaa zetu zote. Tunawatakia uzee wa raha katika nyumba yao, na karakana yake ndogo ya uani isikose mbao wala mtu wa kugombana naye.

Na kwa ofisi: mmesema faili halichezewi, na sijaligusa. Faili lina barua moja. Jarida hili lina nakala mia mbili na kumi, zinakwenda kila tawi na kila kituo cha ujenzi, na katika kila nakala imeandikwa kwamba ncha thelathini na nne hadi thelathini na nane zilipigwa taipu na Cheptanui, aliyeona na hakuuliza. Mkitaka kuandika barua ya onyo, jina mnalo.

Mzee, sherehe yako ya kuagwa ni Ijumaa, tarehe 28 Desemba, katika chumba cha ramani, saa tisa alasiri. Mkono mfupi utakuwa kwenye tatu. Safari hii nimeuliza.